Neno la Kwanza

Siku niliyompigia simu shangazi yangu kumwambia kwamba nimevunjika mguu, alinijibu, "Vizuri sana, mwanangu. Mungu azidishe."

Nikacheka. Nilidhani ananitania, maana Shangazi Nyambua ndiye aliyenilea tangu nina miaka minne, na ulimi wake haujawahi kumhurumia mtu. Nikarudia: "Shangazi, mguu! Umevunjika. Nimeteleza kwenye ngazi za wizara, watu wananitazama." Akasema, "Na sisi huku hatujambo, wote wazima. Kuku wametaga. Haya, kwaheri, ubarikiwe." Akakata.

Nilibaki na simu mkononi, kicheko kimenikauka. Kila Jumapili kwa miaka mitatu nilikuwa nampigia, na kila Jumapili alisema maneno yaleyale, kwa mpangilio uleule, kisha akakata. Kazini nilikuwa nawasimulia wenzangu kwamba shangazi yangu hana muda na mtu, tunacheka mpaka machozi. Sikuwahi kujiuliza ni lini mara ya mwisho alijibu kitu nilichomuuliza. Sasa nilijiuliza, na nikaogopa.

Niseme mimi ni nani. Naitwa Namsifu Msengi, mhandisi, na kama wewe ni mtu mzima katika Jamhuri hii, basi leo asubuhi umezungumza na kazi ya mikono yangu. Saa moja kamili simu yako ilitetema, sauti ya kiume yenye adabu zake ikakuuliza, "Habari za leo?" Ukajibu. Jina lake rasmi ni Mjuliahali. Mitaani wanamwita Mkwe, kwa sababu mkwe naye hukujulia hali kila uchao, na wewe humwambii kinachokusibu ng'o.

Mkwe alitufikia kutoka Kesteri, nchi rafiki. Wakesteri ndio waliotuchimbia visima vya moto katika Bonde la Ufa, mashimo ya kilomita nne kwenda chini, yenye pampu arobaini na moja zinazovuta joto la ardhi na kuligeuza umeme. Nusu ya umeme huo inabaki kwetu. Nusu hurushwa angani kwa mnara, ikadakwa na vioo vya Kesteri vinavyoelea huko juu, ikashushwa kwao. Aliyezaliwa baada ya visima hajui maana ya mgao wa umeme. Treni zinakimbia, viwanda vya alizeti havilali, kila wilaya ina hospitali yenye kila kitu.

Wakesteri ni watu waangalifu. Katika mkataba waliweka Kifungu cha Tisa: pampu zitaendelea maadamu wananchi wenyewe wanasema wako njema, tisini na tano katika kila mia. Wakipungua hapo, au mthibitishaji wa Jamhuri akikana, pampu zinajizima na uchunguzi wa miaka miwili unaanza. Hakuna rafiki mwingine aliyewahi kutuuliza hali zetu kila siku ya Mungu. Tuliona tumependwa.

Mwanzoni Mkwe alielemewa. Mtu anaulizwa habari, anajibu njema, halafu ndipo anaanza: ila mbuzi anaharisha, ila mume hajarudi, ila huu mgongo. Mitambo ikajaa maneno. Mimi wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na saba na akili nyingi kuliko busara. Nikaandika kanuni: chukua neno la kwanza, kata simu. Sekunde tatu tu. Wakesteri waliipenda sana, maana kwao mtu akiulizwa hali hujibu hali. Nilivishwa nishani.

Nilijua kwetu si hivyo. Kwetu hata mwenye maiti ndani huanza na njema, ndipo akutajie msiba. Nilijua, na bado niliandika. Sina wa kumlaumu.

*

Nilifika Ighondwe, kijijini kwa shangazi, Jumatano alasiri na magongo yangu mawili. Kutoka stesheni nilipanda pikipiki. Karibu na kijiji tulimkuta kuku amelala katikati ya njia. Dereva akapiga honi. Akapiga tena, ndefu. Kuku hakutikisika. Ilibidi ashuke amwinue kama furushi, ndipo maskini akashtuka na kuanza kupigapiga mabawa.

"Kuku wa huku ndivyo walivyo siku hizi," alisema dereva, ambaye si mwenyeji. "Mimi hata silali huku, dada. Nashusha abiria naondoka."

Pampu zilikuwa nyuma ya vilima vitatu na hazikusikika hata kidogo. Mvumo wake ni mzito mno, uko chini ya uwezo wa sikio la binadamu. Hilo tulihakikishiwa tangu mwanzo na ni kweli. Lakini niliposhika jiwe kubwa lililo mlangoni kwa shangazi ili nipumzishe mguu, lilikuwa linatetemeka. Jiwe kubwa kuliko nyumba.

"Hodi," nikasema. Mlango ulikuwa wazi. Nilimwona shangazi amenipa mgongo, anapepeta mtama kwenye ungo. "Hodi! Hodi, Shangazi!"

Akaendelea kupepeta. Nikajikokota ndani mpaka kivuli changu kikaangukia ungo. Aliruka, mtama wote ukamwagika.

"Mungu wangu! Namsifu! We mtoto, mbona huna adabu, huwezi kupiga hodi?"

Machozi yalikuwa yananitoka.

"Na mguu umefanya nini?" akauliza kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya mto. "Mbona hukuniambia?"

Nikachukua kipande cha mkaa, nikageuza kalenda ya ukutani, nikaandika nyuma yake: TANGU LINI HUSIKII? Alisoma polepole, kisha akatazama mlangoni kama mtu aliyefumaniwa.

"Uzee," alisema. "Masikio yamechoka. Yalianza kuvuma, yakavuma, halafu yakanyamaza. Usimwambie mtu. Huyu jirani yangu Mama Elihaki atanicheka, unamjua mdomo wake."

Nikaenda kwa Mama Elihaki na kalenda yangu kwapani. Aliposoma swali, akanivuta ndani na kufunga mlango.

"Ni mimi tu, mwanangu," alininong'oneza, na mnong'ono wake ungesikika barabarani. "Nyambua asijue, nakuomba. Atanitangaza."

Miaka mitatu hao wawili walikuwa wanasalimiana juu ya ua kila asubuhi, wanachekeana, wanaitikiana kwa kichwa, kila mmoja akimwogopa mwenzake.

Kesho yake kabla ya saa moja nilisimama uani. Shangazi alikuwa jikoni anachochea moto. Mama Elihaki alikuwa anafagia. Upande wa pili wa njia mzee mmoja ananyoa ndevu, povu limejaa shavuni, na mwalimu mkuu anapita na baiskeli. Ikafika saa moja. Simu zilitetema mifukoni na viunoni, na wote wakasimama kwa pamoja. Mwalimu akaweka mguu chini. Mzee akashusha wembe. Wakainua simu.

"Njema."

"Njema."

"Njema tu, ahsante."

Wakarudisha simu, wakaendelea na kazi zao. Hakuna hata mmoja aliyesikia swali. Walihisi mtetemo, wakajibu kama walivyolelewa.

Na yangu ilitetema. Nikiwa nimesimama pale, kila kitu nimeshakielewa, niliiweka sikioni nikasema, "Njema."

*

Katibu wa Ushirika wetu na Kesteri, Bwana Luhende, ni mtu mstaarabu. Ijumaa asubuhi, ofisini kwake Dodoma, alinisubiri mpaka nikae vizuri, akaniwekea mto chini ya mguu, akaagiza chai, akauliza habari za mume wangu na za binti yangu Tusekile. Nilijibu zote njema. Ndipo nikamweleza.

"Nimepima watu sitini na wawili katika vijiji vitatu, mzee. Wanaosikia ni wanne, na hao wamehamia mwaka huu. Kengele ya kanisa imepigwa jana nikiwa palepale, hakugeuka mtu."

"Ripoti yako mwenyewe inasema tisini na nane nukta sita," alisema kwa upole. "Mimi husoma ripoti, Mama."

"Ripoti inasoma adabu zetu. Haisomi hali zetu."

Alikoroga chai muda mrefu. Sukari ilikuwa imeshayeyuka zamani. "Kesho tunasaini Awamu ya Pili. Pampu mia moja na ishirini, wilaya nane. Wewe ndiye mthibitishaji. Unasimama, Balozi wa Kesteri anauliza, unajibu neno moja. Unataka kujibu nini?"

"Ukweli."

"Tusekile alizaliwa na wiki ngapi?"

Nilijua anakokwenda na bado swali lilinichoma. "Ishirini na nane."

"Enzi za mgao, nilikuwa na wadogo zangu wawili, mapacha, waliozaliwa njiti. Umeme ulikatika saa tano. Mama alinikabidhi mmoja nimpashe joto kifuani. Nilikuwa na miaka kumi na moja." Aliweka kijiko pembeni. "Leo kila wilaya ina wodi yenye mashine za joto. Ukisema neno lako kesho, saa sita baadaye pampu zinazima. Miaka miwili. Sikuzuii, Mama Tusekile. Nataka tu ukisimama pale uwe na watoto hao kichwani, pamoja na wazee wa Ighondwe."

"Tuwaombe Wakesteri wapunguze pampu polepole. Wahamishe watu, wachunguze, wodi zisiguswe."

"Kifungu cha Tisa hakijui polepole. Ni njema au si njema, kisha simu inakatwa." Alinitazama bila ubaya wowote. "Hiyo si kanuni yao. Ni yako."

Nilimchukia kwa sababu alisema kweli.

*

Shangazi nilikuwa nimekuja naye Dodoma. Mpango wangu ulikuwa mmoja: nikishakana, nimwite asimame mbele ya kamera na kila mtu amwone. Jioni ile, kabla jua halijazama, tulikaa barazani, daftari la shule la Tusekile katikati yetu. Niliandika: Nikisema ukweli, umeme utakatika nchi nzima. Hata kwenye wodi aliyolazwa Tusekile akiwa mchanga.

Alisoma mara mbili. Yeye ndiye aliyekaa nami hospitali, siku arobaini, anamtazama mtoto kwenye kioo wakati mimi nimelala kwa uchovu.

"Nilikuwa namsikia anavyopumua," alisema. Safari hii hakupaza sauti. "Kale kapumzi kama ka kifaranga. Leo amenikumbatia, nimeona anacheka, sijasikia kitu."

Nikamshika mkono. Aliuacha nilivyoushika.

"Mimi nimezeeka. Masikio yangu wakiyachukua kwa ajili ya wodi, wayachukue, sidai. Lakini hizo pampu mpya zinakwenda wapi?"

Nikamwandikia majina ya wilaya nane.

"Huko kuna watoto?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Basi sema." Alilisukuma daftari kwangu. "Watu wenye akili ya kurusha umeme mawinguni watakosaje akili ya kutafuta jenereta za wodi? Watakosa kwa sababu hakuna aliyewaambia. Wanaambiwa njema, njema, wafanyeje? Haya, tujaribu. Mimi ndiye Balozi. Habari za wananchi?"

Nikafungua mdomo. Niwaambie kitu ambacho hamtaamini mpaka mjaribu wenyewe: ulimi ulikataa. Neno "mbaya" tunalo, tunalitumia kwa barabara na kwa mchuzi, lakini kulitoa mbele ya mtu aliyekuuliza habari kwa heshima ni kama kuvua nguo sokoni.

"Umesema njema," alisema shangazi, macho kwenye midomo yangu. "Nimekuona. Tena."

Mara ya saba nikaweza. Mbaya. Lilitoka dogo na kavu, lakini lilitoka. Shangazi akanipigapiga begani. "Si ndilo hilo? Halijamuua mtu. Nikiona watu wameshtuka nitajua umelisema, nitasimama hata usiponiita."

*

Ukumbi ulijaa tangu saa tatu. Bendera mbili, maua, matarumbeta ya jeshi, mawaziri wenye suti mpya. Ukutani kulikuwa na taa moja kubwa, nyeupe. Kipaza sauti cha jukwaani kilikuwa kimeunganishwa na Mjuliahali mwenyewe, ili nchi zote mbili zisikie jibu kwa wakati mmoja: njema, taa inakuwa kijani na mkataba unafungwa, neno jingine lolote, inakuwa nyekundu. Mstari wa mbele, kati ya wageni kutoka maeneo ya visima, alikaa Shangazi Nyambua na khanga yake mpya, mgongo umenyooka.

Niliitwa. Nilipanda ngazi moja moja na magongo yangu, nikirudia neno langu moyoni kwa kila ngazi. Mbaya. Mbaya. Mbaya. Niliwaona watoto wa wodi pia, sitaki kudanganya; niliwaona wote katika vioo vyao. Lakini nilikuwa nimeamua.

Balozi Dorvan alikuwa upande wa pili wa meza. Ni mtu mwema, na nasema hivyo bila kejeli. Amekaa kwetu miaka kumi na moja, anakula ugali kwa mkono, anajua kupokea kitu kwa mikono miwili. Swali lake rasmi lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi mbele yake, "Habari za wananchi?" na mimi nililisubiri kama mtu anavyosubiri sindano.

Lakini Balozi alifundishwa vizuri na watu wetu wenyewe. Aliambiwa kwamba kwetu mtu hakabiliwi kwa jambo zito kabla hajasalimiwa. Akaacha karatasi, akainama kidogo kwa heshima, akanitazama mguu, akatabasamu.

"Habari za asubuhi, Mama?"

"Njema," nikasema.

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali. Sikuwa nimejiandaa kwa salamu. Au labda nilikuwa natafuta mlango wa kutokea na huo ukafunguka. Hata leo sijui kama yalikuwa mazoea au woga, na usiku wa mtu hauishi mapema akiwa na swali kama hilo.

Taa ikawa kijani.

"Ila," nikasema. "Ila watu wa Ighondwe..."

Sekunde tatu zilikuwa zimepita. Kipaza sauti kilikuwa kimeshajikata, kama nilivyokiandikia. Niliona midomo ya mawaziri ikifunguka kwa furaha, matarumbeta yakaanza, Balozi akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Luhende, kwenye kiti chake, alikuwa ameinamisha kichwa. Nilipiga kelele. Nilisema viziwi, nilisema pampu, nilitaja vijiji vyote vitatu kwa majina, na sauti yangu ikameza muziki kidogo kisha ikamezwa nao. Watu wa mbele walidhani naimba.

Ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi.

Shangazi alikuwa ananitazama. Aliiona midomo yangu inavyokwenda, aliyaona machozi, akaona watu wote wamesimama kwa ghafla. Akageuka kwa jirani yake wa kulia, akageuka kwa wa kushoto, akaona mikono inapigwa, na uso wake ukajaa fahari ambayo sijawahi kuiona tangu aninyooshe matege kwa mafuta ya alizeti nikiwa mtoto. Alijua nimelisema.

Akasimama kama tulivyokubaliana, naye akapiga makofi, kwa nguvu kuliko wote.